Mgeni wa Kinshasa kwenye Viti vya Kuazima

Noëlla wa mtaa wa Ngezi, mjini Bunia, ambaye wote wanamuita Mama Orly, hakumuamini mtu. Na mimi simlaumu hata kidogo! Alikuwa akiuza maharagi ya Djugu, akaiweka nyumba yake rehani banki ili anunue mzigo mkubwa. Vita ikafunga barabara, mzigo ukaozea huko huko, na banki haikutaka kusikia habari za vita. Jumatatu ijayo nyumba ingeuzwa.

Tumaini lilibaki moja. Watu wenye shida kama yake waliungana ili wamuombe deputé wao, mbunge Mheshimiwa Prudent, aliyekuwa Bunia kwa vakansi ya Bunge, apeleke Kinshasa sheria ya kuwalinda wenye nyumba waliofilisiwa na vita, walipe polepole. Na kabla ya hiyo sheria, awaombe wakubwa wa banki wangoje.

Aliyewaongoza ni Mwalimu Mathieu wa mtaa wa Rwambuzi, na huyo ndiye aliyemkosesha Noëlla usingizi. Kwa nini kila akipita banki anamkuta Mathieu pale, suti imenyooka, akinong'ona na wakubwa? Kwa nini kamati yao ikutane kwa kila mtu ila kwake Mathieu? Na sasa deputé apokelewe kwa nani? Kwa Noëlla!

"Nyumba yako iko muzuri, Mama Orly," Mathieu alimwambia. "Mugeni mukubwa hatuwezi kumukalisha fasi mubaya."

"Mm. Iko muzuri ya kuuzisha," Noëlla akajibu, akimtazama kwa jicho la pembeni.

Lakini mgeni ni mgeni. Nani Bunia atamkalisha deputé kwenye ubao? Wanawake wakaanza kubeba. Jirani yake Rébecca akaleta viti vyake vya sebuleni. Mwingine akaleta rido za maua, mapazia yake ya dirishani, zikafunika ufa wa ukutani, mwingine sahani za harusi yake. Wakachangia samaki wa Tchomia, ziwani, wanono kweli kweli. Hata kikwembe alichovaa Noëlla kilitoka kwa jirani.

Deputé akala peke yake, wengine wakimhudumia, akashiba. Kisha akainuka, glasi mkononi, akazunguka sebule, akagonga ukuta, akauliza kama maji yanafika na kama barabara ya magari iko mbali. Noëlla akamtazama Mathieu, naye Mathieu akaangalia chini. Ahaa, Noëlla akawaza. Wamekuja kupima bei, mbwa hawa, na mimi nimewapikia!

"Bamama," deputé akasema akiketi tena, "niseme ukweli. Kinshasa wataniuliza, hawa watu wanateseka wapi? Nimekula hapa vizuri kuliko kwangu. Anayekaa hivi anaweza kulipa. Nitaambia banki nini?"

Aibu ya kusema na woga wa kunyamaza vikamvuta Noëlla huku na huku. Umvue mgeni heshima na chakula chako bado kiko mbele yake? Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja. Akainuka.

"Simama, Mheshimiwa."

"Pardon?"

"Simama. Hii kiti ni ya Rébecca. Rébecca, beba kiti yako."

Rébecca alishtuka, kisha akabeba. Noëlla akazivuta rido, ufa ukatokea, mkono ungepita humo. "Hizi ni za watu. Sahani ni za watu. Hii kikwembe nimevaa ni ya watu. Yangu ni ukuta tu na batoto. Tulipamba sababu uko mugeni. Siye hatupokeake mugeni na machozi."

Mmoja mmoja wanawake wakachukua vyao, hadi deputé akabaki amesimama katikati ya sebule tupu, hajui aangalie wapi.

Noëlla hakuwa amemaliza. "Na weye, Mwalimu! Sema mbele yake. Banki inakulipa ngapi? Kila siku uko kule!"

Mathieu akamgeukia Noëlla.

"Ninaendaka kuomba wangoje," akasema. "Nyumba yangu waliuzisha tangu mwezi wa Pasaka. Bibi na batoto wako Mahagi kwa mama yake. Miye ninalala ku masomo, ndani ya klasi. Niliogopa mukijua mutasema, huyu alishindwa kuokoa yake, ataokoa yetu namna gani?"

Deputé akaweka glasi sakafuni, akatoa simu, akamuita mkubwa wa banki pale pale, wote wakisikia. Banki itangoja mpaka vakansi ziishe. Kuhusu sheria, alisema ataisemea Kinshasa, lakini Noëlla hakumuamini bado.

Alikuwa anamtazama Mathieu. Yote aliyomsengenya kwa majirani yalimrudia, masikio yakamwaka kwa haya.

"Usirudi ku masomo leo, Mwalimu," akamwambia. "Utalala hapa. Nyumba ingali yangu."

Mathieu alishukuru. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza kama samaki wamebaki. Hakuwa amekula tangu jana.