Tundu la Kondoo wa Hexdon

Umewahi kudanganywa mchana kweupe na mama wa miaka sabini na mbili, halafu ukampigia makofi? Mimi nimeona watu wakifanyiwa hivyo kila Jumamosi, maana kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma yao, nihakikishe hakuna aliyezama kwenye kinamasi.

Bi Thirza Luscombe alizaliwa Hollowcombe, shamba la mwisho kabla nyika ya Hexdon haijaanza, na hajawahi kulala nje ya jimbo la Devon isipokuwa wiki ya fungate, ambayo anasema ilikuwa ndefu mno. Alifuga kondoo na mumewe, kisha akawafuga peke yake. Magoti yalipoanza kugoma, mpwa wake akachukua kazi nzito, naye akaanza kuwaongoza wageni nyikani, kuwaonyesha jinsi wazee wetu walivyolima na kufuga kule juu. Hubeba fimbo mkono mmoja na pai ya nyama mfukoni, naye humwita kila mtu mpenzi, hata mchungaji wa kanisa.

Kwenye magofu ya nyumba ya kale husema, "Watu walilala upande wa juu, ng'ombe upande wa chini, mlango mmoja. Majirani wema sana. Ila ng'ombe walilalamikia harufu."

Kwenye ukuta wa mawe, ambako chini kuna tundu la kumtosha mbwa mkubwa, husema, "Hili walilitoboa wake za wakulima. Mume akirudi kutoka kunywa, apite hapa. Akinasa, anabaki humo mpaka akili imrudie." Watu wanaandika! Ndipo anapocheka na kusema ukweli: ni njia ya kondoo, imekuwepo tangu babu wa babu yake.

Jumamosi moja ya Septemba alikuwepo kati ya wageni Bwana Prew wa ofisi ya serikali inayosimamia nyika, viatu vipya, skafu ya njano shingoni. Ofisi ilitaka kukata Hexdon katikati kwa uzio wa waya, eti kondoo wasivuke kwenda malisho ya watu wengine. Mimi, mwenye digrii, nilikuwa nimewaandikia barua tatu kali kuhusu wizi wa ardhi ya wote. Hawakujibu hata moja. Bi Thirza hakuandika kitu, wala hakutia sahihi ya kibali waliyoitaka kwa kila mfugaji.

"Bi Luscombe," alisema Bwana Prew pale ukutani, "bila waya, kondoo wako wanajuaje mwisho wa malisho yao?"

"Wameambiwa na mama zao."

Watu wakacheka. Bwana Prew hakucheka.

"Leo sitanii, mpenzi," Bi Thirza akasema. "Mwanakondoo anamfuata mama yake miezi yote ya kwanza. Mama akigeuka, naye anageuka. Anakua anajua kwao ni wapi. Ukiweka waya, watakaozaliwa watajifunza waya. Sisi tukishazikwa, waya nao ukioza, nani atawafundisha tena?"

"Maneno mazuri. Ushahidi?"

"Chukua sita. Wapeleke ng'ambo ya kijito cha Cobber, maili nne. Kesho saa mbili asubuhi watakuwa wamerudi kupitia tundu hili. Wasiporudi, nitatia sahihi uzio wako."

Nilimvuta mkono. "Bibi, usifanye hivyo!"

"Wewe tulia na digrii yako."

"Wakirudi nitaandika ripoti ya kuupinga," alisema Bwana Prew. "Ila mbwa wako wa kondoo nalala naye mimi, asije akawaswaga usiku."

"Lala naye. Anakoroma."

Bwana Prew alimfunga Dorcas, kondoo jike mzee kuliko wote, skafu yake ya njano, ili asije akabadilishiwa kondoo, na mchana huohuo akawapeleka ng'ambo kwa trela.

Sasa nikiri. Nilikuwa nimehubiri mwaka mzima kwamba hekima ya wakulima inaishinda ofisi. Lakini saa kumi na mbili asubuhi iliyofuata nilikuwa ng'ambo ya Cobber na ndoo ya nafaka chini ya koti, tayari kuwavuta kondoo hao nyumbani kwa hila. Sikuamini niliyoyahubiri!

Hapakuwa na kondoo. Palikuwa na mavi tu, tena yaliyopoa. Nikajua wamezama kinamasini. Nikawatafuta karibu saa nzima, kisha nikakimbia maili zote nne, ndoo ikinigonga mbavu.

Nilipokaribia ukuta nikasikia sauti ya Bwana Prew upande wa pili, ikihesabu. "Tatu... nne..."

Kondoo walikuwa wamepanga foleni kama watu wa posta. Nilifika tu kuiona skafu ya njano ikipotelea tunduni.

"Tano! Dorcas, nirudishie hiyo! Achia, mama!"

Wa sita akainamisha kichwa apite. Kisha akanusa. Akageuka, akaniangalia mimi na ndoo yangu, akaanza kunijia, akilipa tundu mgongo.

"Mbona watano?" Bwana Prew aliuliza. "Zimebaki dakika tatu, Bi Luscombe."

"Rudi!" nikamnong'oneza yule kondoo. "Rudi, mjinga wewe!" Alitia pua kwenye ndoo. Nikaichomoa kwa nguvu zangu zote na kuirusha nafaka yote juu ya ukuta.

Upande wa pili mtu akapiga kelele. Kondoo akachomoka kama risasi, akapenya tunduni. Nilipochungulia, Bwana Prew, aliyekuwa amepiga magoti akichunguza tundu, alikuwa kifudifudi matopeni, nafaka kwenye nywele, na wa sita alikuwa amesimama mgongoni mwake akila. Mbwa alikuwa amelala kando, hana habari. Bi Thirza alikuwa juu ya jiwe na pai yake.

"Sita, mpenzi," alisema.

Bwana Prew akainua kichwa. Aliniona mimi, akaiona ndoo. Akaitazama ile skafu, ambayo Dorcas alikuwa ameshaitafuna nusu. Kisha, bila kumtoa kondoo mgongoni, akavuta daftari lake kutoka kwenye tope, akalipangusa kwa mkono wa shati, akaandika: "Sita. Uzio hauhitajiki."