Shangazi Aliponikatisha Hotuba ya Kumsifu Baba

Jamani, leo nimeaibika mbele ya Lushoto nzima.

Leo mji wetu umeipa barabara jina la marehemu baba. Polisi wa mkoloni walimpiga mpaka akafa, Uhuru ukiwa umekaribia. Kosa lake? Mzungu aliruka foleni ya posta, baba akakataa kumpisha.

Mimi nilikuwa bado nanyonya. Simkumbuki hata sura.

Lakini mngeniona kwenye maikrofoni! Suti mpya, kifua mbele.

"Baba yangu alisimama kama simba! Hakuogopa hata kidogo!"

Makofi. Nikanogewa.

"Aliwacheka wale polisi usoni!"

Hapo shangazi yangu, mdogo wake baba, akapaza sauti kutoka viti vya mbele: "Mwongo wewe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nikababaika, nikasema, "Shikamoo, shangazi." Utadhani ndiyo kwanza tunaonana!

"Marahaba. Nilikuwa naye siku ile. Alinishika mkono kwa nguvu. Nikamwambia, kaka, twende nyumbani. Akaniambia, 'Naogopa, mdogo wangu, lakini tumetangulia sisi.'"

Hakuna aliyecheka tena.

Nikampelekea maikrofoni, nikaenda kukaa. Hotuba yangu ikaishia hapo.

Haya, nichekeni, ruksa.

Ila miaka yote hii nimekuwa nikificha woga wangu, eti mimi ni mtoto wa simba.

Leo nimelia mbele za watu bila haya. Kumbe nimefanana na baba.