Siku Mama Munoko Aliposhuka Barumbu

Nakumbuka asubuhi moja nilishuka bandarini Kisangani, pale zinapofungwa baleinière, zile mashua ndefu za mbao zenye injini, nikiwa na spika mbili, betri ya gari na kipaza sauti nilichokivika soksi kisiingie vumbi. Vyote vilikuwa tayari. Nilichokosa ni mahali pa kwenda. Mkutano wa mashabiki tuliouandaa Banalia ulikuwa umekufa siku iliyotangulia, kwa sababu mvua ilikata barabara na malori yalikuwa yamelala kwenye matope. Mtu mwingine angerudi nyumbani angojee jua. Mimi, mwanangu, nikikaa mahali miguu huniwasha. Wazee wanasema mtembezi hula miguu yake. Yangu wakati ule nilikuwa nimeila mpaka magotini.

Nilikuwa kijana bado. Shule niliiacha mapema, wala si kwa ukaidi. Darasa letu lilikuwa na dirisha upande wa barabara, malori yalipita, nami nilitaka kujua yanakwenda wapi. Siku moja nikaenda kuangalia. Tangu hapo nilipakia mizigo Bangboka kwenye kiwanja cha ndege, nikauza petroli katika chupa, nikafunga spika kwenye matanga na harusi. Kazi hiyo ya spika ndiyo iliyoniingiza katika mwaka ninaotaka kukusimulia, mwaka niliotembea kuliko yote.

Mwaka ule redio moja ya mtaa ilikuwa na mchezo wa kuigiza kila Jumamosi. Ilikuwa hadithi ya nyumba moja: mama, mwanawe, na mke wa mwanawe. Yule mama aliitwa Mama Munoko, yaani mwenye mdomo, na mdomo wenyewe ulitisha. Kila alipomwonea mkwewe alimaliza kwa kusema, "Hii nyumba iko na mwenyewe!" Maneno hayo yalienea mjini. Watoto waliyasema wakigombania mpira, wenye pikipiki waliyasema wakigombania abiria, na katekista mmoja wa mtaa wetu yalimponyoka akifunga mlango wa kanisa.

Basi mashabiki wakaanza kutaka kuwaona wenye sauti. Watu wa mtaa wa Mangobo walikutana kwanza, wakanikodi mimi na spika zangu. Kabondo wakasikia wivu. Halafu Lubunga, ng'ambo ya mto, wakasema wao ndio mashabiki wa kweli. Kabla sijajua, mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta uwanja, nikibembeleza waigizaji, nikizunguka na tangazo. Wanawake walikuja na vilemba wamevifunga upande, kama walivyodhani Mama Munoko anavifunga, kila mmoja na mwiko mkononi, wakashindana nani anajua kumtukana mkwe vizuri zaidi. Kule Bangboka, walipomwona mwigizaji wa Komanda, yule askari wa kwenye mchezo mwenye sauti ya ngurumo, kumbe ni fundi cherehani mwembamba, mama mmoja alisimama akauliza, "Papa, sauti yote ile unaiweka wapi?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Niliipenda kazi ile. Makofi yalikuwa hayajaisha, nami nilikuwa nimeshaanza kukunja waya, nikiwaza mahali pengine.

Sasa nikuambie habari za Mama Munoko mwenyewe. Jina lake la kweli Mama Salima, wa zile familia za Waislamu wa zamani wa mji wetu, watu wa biashara na ufundi. Asubuhi aliuza mikate ya kukaanga, na sauti yake ya nyumbani ilikuwa ndogo hivi kwamba wateja walimwomba arudie bei. Asubuhi ile nilimkuta bandarini ameketi juu ya kifurushi chake.

"Zeka," akaniita, "ni kweli Banalia imekufa?"

"Imekufa, Mama."

"Bon. Basi unipeleke Barumbu."

Akanieleza. Binti yake Asha alikuwa ameposwa na kijana wa Barumbu, kijiji cha kando ya mto huko chini, Saidi, mchuuzi wa samaki. Saidi alilelewa na shangazi yake, Tantine Zaituni, na bila neno la huyo shangazi hakuna ndoa. Tantine Zaituni alikuwa shabiki mkubwa wa mchezo wetu, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Alituma ujumbe: mutoto wa ule mama hataingia kwangu.

"Nilituma watu wamuambie ile ni kazi tu," Mama Salima alisema. "Yeye anajibu, mutu hawezi kutoa ubaya ule kama hauko ndani yake. Sasa anione na macho. Kama ataendelea kukataa, nitaacha redio, na Asha atajua nilijaribu."

Mimi niliona jambo jepesi. Majuma machache nyuma, katika mchezo, Mama Munoko alikuwa ametubu. Alipiga magoti mbele ya mkwewe, akaomba radhi, na mkutano uliofuata, kule Lubunga, wanawake walimbeba Mama Salima juu juu wakilia. Nikawaza, Barumbu nao watalia, shangazi atalia zaidi, ndoa imekwisha. Kisha mimi nitaendelea na mashua ile ile mpaka Bumba, nikafungue mkutano mwingine.

"Usihofu, Mama," nikamwambia. "Ni kushuka, kusema, kupanda."

Tulifika Barumbu kesho yake, siku ya soko. Nahodha alisema anashusha chumvi na sabuni, akimaliza atapiga honi, na hamngoji mtu. Nikaruka ukingoni na betri kichwani. Karibu na maji alikuwepo mzee mmoja akishona wavu. Jina lake Papa Lotika, mvuvi, ingawa jina nililijua baadaye.

"Karibu, kijana. Ikala kwanza," akasema, akinisogezea gogo nikae. "Habari ya kule munatoka?"

"Nzuri, Papa, nzuri," nilijibu nikitembea. "Pahali pa tambarare iko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Nikafunga waya, nikapiga muziki kidogo, na soko likahamia kwetu. Mbele kabisa, juu ya kiti alichokuja nacho mwenyewe, aliketi mama mmoja mpana, kikapu cha samaki wa moshi magotini. Mama Salima akanifinya mkono. "Saidi alinionyesha picha yake. Zaituni ni ule."

Vizuri, nikawaza. Nikashika kipaza sauti. "Barumbu! Munamutaka nani?"

"Mama Munoko!" wakaitika kama radi.

Mama Salima akatokea, kilemba chake kimefungwa upande kama mashabiki wanavyopenda, anatabasamu. Nikangoja machozi.

Halafu sauti moja ikapasua: "Mchawi!" Nyingine ikadakia: "Mutoto wa watu ananyeshewa inje, na wewe uko huku unacheka meno?" "Rudia kwako, fungua mulango!" Ganda la muhogo likapita karibu na sikio langu. Mama Salima alibaki amesimama, tabasamu limemgandia usoni.

Nikamvuta kijana mmoja aliyekuwa karibu. "Wana nini hawa?"

"Kaka, jana tumesikia vile alifukuza muke ya mutoto wake kwenye mvua. Na mimba! Jana tu!"

Hapo akili ikanirudia, mwanangu. Redio yetu haifiki Barumbu. Kule mchezo uliingia katika kadi ndogo za simu, zile zinazobeba nyimbo, na kadi zilikuja na wasafiri wa mto, zikinakiliwa kutoka simu hadi simu. Mashua zikichelewa, hadithi nayo inachelewa. Kisangani Mama Munoko alikuwa ameshasamehewa, Barumbu ndiyo kwanza alikuwa ametenda. Niliwaletea mtu wa kukumbatiwa siku ile ile waliyoamka wakimchukia. Na Tantine Zaituni alikwisha simama; alikunja kiti, akachukua kikapu chake, akaondoka bila kutazama nyuma.

Nikainua kipaza sauti ili niwaambie yote: ametubu, amepiga magoti, mambo yamekwisha. Kiganja kikubwa, kigumu kwa kamba za nyavu, kikakifunika. Ni Papa Lotika.

"Acha," akasema. "Watu wako njiani na hadithi yao. Usiwatupie mwisho wake kama jiwe."

"Papa, mashua inaondoka! Nitafanya nini?"

"Nilikuuliza habari ya kule mulitoka. Wewe uliniuliza habari ya hapa?"

Nikashusha kipaza sauti.

"Kama uliniuliza, ningekuambia. Tangu jana hapa hatuna habari ingine. Ni ile mvua tu." Hakucheka aliposema hivyo. "Sikia, mutoto wangu. Mutu anafika na miguu, halafu anafika na masikio, mwisho ndiyo anafika na kinywa. Wewe ulianza na kinywa, miguu yako ingali kwenye mashua. Umepita miji mingapi hivyo? Na mji haujalala ndani, usiseme ulifika."

Nikaanza kuwaza. Mangobo, Kabondo, Lubunga, Bangboka: mwaka mzima wa mikutano, nami nisingeweza kukutajia mlango mmoja nilioamkia. Nilijua viwanja tu. Ni jambo la ajabu kwa mtu aliyeacha shule ili ajue malori yanakwenda wapi.

Honi ikalia. Mama Salima alikuwa ameshafunika uso kwa kitambaa, kifurushi kwapani, anaelekea majini. "Twende, Zeka. Wameniona. Imetosha."

Bumba ilikuwa mbele yangu, na miguu ilikuwa inawasha. Nilimpungia nahodha mkono aende zake. Sitakudanganya kwamba ilikuwa hekima. Niliona haya mbele ya mzee yule, na wakati mwingine haya inatosha.

"Mimi nitakulaza kwangu," Papa Lotika aliniambia. "Lakini huyu mama, nyumba yake ya kulala inajulikana."

Akatutangulia. Tulipokuwa njiani mvua ikaanza, si ya redio, ya kweli, matone mazito ya mtoni. Tulipofika, Tantine Zaituni alikuwa amesimama mlangoni, moshi wa samaki ukitoka nyuma yake.

"Zaituni," mzee akasema, "nimekuletea mugeni. Hana pa kulala."

"Papa Lotika, Barumbu muzima nyumba ni yangu peke yake?"

"Nyumba ziko. Yeye alikuja ya kwako."

Mama Salima akasogea hatua moja, akabaki nje ya kibaraza. "Hodi, dada," akasema. "Utusamehe kukusumbua."

Tantine Zaituni akakunja uso, kama mtu anayetafuta kitu alichokisikia mbali. "Sema tena."

"Hodi, dada."

"Na sauti kubwa."

"Sauti yangu ni hii tu. Ile ingine ni ya kazi. Nikitoka redio naiacha kule."

Nikashindwa kuvumilia. "Tantine, kusema kweli, mbele kule huyu mama ata—"

"Wewe kijana wa makelele, funga!" Alinielekezea samaki aliyekuwa mkononi. "Usiniambie mwisho! Nitaungoja sawa na wenzangu."

Kisha akamtazama mgeni wake toka kilemba hadi miguu: kifurushi kinavuja, kitambaa kimeshikana na mashavu. Akavuta pumzi, akatupa kichwa nyuma, na kwa sauti ya Mama Munoko mwenyewe, bora kuliko ya washindani wote niliowasikia mwaka ule, akanguruma:

"Hii nyumba iko na mwenyewe!"

Papa Lotika akainamisha kichwa. Mama Salima akageuka aondoke.

"Na mwenyewe anasema ingia," Tantine Zaituni akamaliza, kwa sauti yake ya kawaida. "Unalowana bure. Mambo ya watoto tutaongea ukiamka hapa."

Aliyecheka kwanza ni Mama Salima, akiwa bado kwenye mvua. Akavua viatu, akaingia, nikaona mkeka unakunjuliwa. Mimi nikamfuata Papa Lotika kwake, nikapewa kona kavu kati ya nyavu. Kabla sijavua shati nilimuuliza, "Papa, habari ya hapa?" Akanipa yote, mpaka usingizi ukanikata katikati.

Asha na Saidi walioana, na siku ya harusi Mama Salima na Tantine Zaituni walishindana kwa miiko mbele ya watu, kila mmoja akidai yeye ndiye Mama Munoko. Lakini mimi, nikikumbuka mwaka ule wenye viwanja vingi na kelele nyingi, hukumbuka kwanza mlango ule mmoja.

Mwanangu, sikukatazi kutembea. Mimi mwenyewe mpaka leo sijajua kukaa. Lakini ukifika kwa watu, keti kabla ya kusimama mbele yao. Uliza habari ya hapo, kisha ungoje jibu; kuuliza si ujinga, na anayepita bila kuuliza hubeba ya jana akidhani ni ya leo. Usidhani watu wote wamefika pale ulipofika wewe katika hadithi. Kuna anayesikia leo kosa ambalo wewe ulikwisha lisamehe. Mwache atembee mwendo wake, wewe lala karibu naye. Na mgeni akibisha kwako, usimngojee mpaka ujue mwisho wake ndipo umfungulie. Tantine Zaituni hakuujua, akafungua.

Nenda basi. Mungu akujalie miguu isiyochoka na masikio yanayokitangulia kinywa. Na mvua ikikukuta mahali usipopajua, pawe na mlango karibu, na mwenyewe awe nyumbani.