Pua ya Kuazima

Kazini walimwita Bwana Pua, wala hakuona vibaya. Baba yangu alifanya kazi kwenye ghala la mvinyo tangu ujana mpaka akastaafu, na kazi yake ilikuwa kuonja. Anachota kidogo kwenye pipa, ananusa, anasukutua, anatema kwenye ndoo, kisha anatoa hukumu: huu bado, huu tayari, huu mwageni. Mama alipenda kusema ameolewa na mlevi wa ajabu, asiyemeza.

Siku ya kumuaga walimpa chupa moja ya mvinyo mweupe mkavu, ule usiobakiwa na sukari, wa zabibu alizozisimamia mwenyewe. Wenzake walimshauri aunywe upesi, eti mweupe hauzeeki vizuri. Yeye akashikilia kwamba huo utazeeka, tena utapendeza. Akailaza chupa chini ya kabati la nguo, nyuma ya mablanketi, na ole wake afagiaye chumba kile kwa fujo. Sisi watoto hatukuwahi kutunzwa namna hiyo.

Mwaka jana akaugua homa kali, ikaondoka na uwezo wake wa kunusa. Daktari alisema utarudi, haujarudi. Kwake sasa chai na maji ya kuoshea vyombo ni mamoja. Siku moja nilimkuta jikoni akinusa kitunguu kilichokatwa, tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Iliniuma sana. Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini huyu alinyang'anywa hata wembe.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, akaitoa ile chupa na kuiweka mezani.

"Mama watoto, niazime pua yako. Nataka kujua kama nilisema kweli au nilijidanganya tu."

Mama hakuwahi kuonja mvinyo maishani. Aliuita maji ya zabibu yenye kiburi. Akanitazama nimwokoe. Nikajifanya napangusa meza.

Baba alizibua taratibu, lakini kizibo kilikuwa kimeoza, kikakatika katikati. Kipande kilichobaki akakichokonoa kwa kisu huku akinung'unika. Alipomimina, Mama akaruka.

"Umechacha huu! Mweupe gani wenye rangi ya mafuta ya kupikia?"

"Ni uzee huo. Hata wewe hukuwa na mvi tulipooana. Zungusha glasi, kisha unuse."

Akaizungusha kama anayesuuza kikombe, nusu ikaishia kwenye kitambaa cha meza. Akanusa.

"Pombe," akasema.

"Nusa tena, bibi wee. Nani anakufukuza?"

Safari hii akafumba macho. "Ganda la chungwa lililokauka. Asali. Na nta, ile ya mshumaa." Akapiga funda, uso ukamkunjamana. "Mbona mwongo huu! Pua inasema asali, ulimi unasema limau."

Baba akaipiga meza kwa kiganja. "Ndio wenyewe! Mkavu haswa. Haujafa, niliwaambia!"

Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu homa ile. Kisha kicheko kikamwishia, akaitazama glasi mkononi mwa mkewe.

"Na nini kingine? Niambie vyote, maana mimi siupati."

Mama akanusa tena, muda mrefu. Akaiweka glasi chini.

"Harufu hii naijua. Ni shati lako, baba watoto. Ulikuwa unarudi kazini unanuka hivi hivi, nami nakufokea ukaoge."

Baba akaichukua glasi, akatia pua ndani, ingawa sote tulijua hapati kitu. Akakaa nayo hivyo.

"Kumbe nilikuwa nanukia vizuri?"

"Vizuri mno," Mama akasema. "Mashati yako nilikuwa nachelewa kuyafua makusudi. Sikukwambia, ungevimba kichwa."