Fundi Aliyesema "Bado"

Kila asubuhi, Machi ile ya mwaka tisini na tatu, fundi wa mvinyo alipita shambani kwa Generosa, Ipagala, mikono ikiwa nyuma. Alichuma zabibu moja, akaitafuna taratibu, kisha akatema mbegu kiganjani na kuzitazama. "Bado, mama." Majirani walikwisha kuwauzia wanunuzi binafsi zabibu zao; za Generosa, safu mbili, zilikuwa zingali shambani, zimesinyaa kama uso wa bibi kizee, na mvua moja kubwa ingetosha kuziozesha zote. "Mama Yasinta, siku hizi unafuga ndege kwa zabibu hizo?" jirani yake, Ebenezer, alimtania Generosa. Fundi alifunika vichala kwa nyavu kuukuu, akikaza mafundo kwa vidole vyenye madoa ya zambarau. "Aliyeanza mvinyo huu mtamu wa zabibu zilizosinyaa alichelewa tu kuvuna," alimnong'oneza Generosa. "Uvivu wake ukamzalia asali." Siku ya ishirini na mbili mbegu zilitoka za kahawia, kavu; aliing'ata moja, ikalia ka! Fundi yule asiyecheka akacheka hata kofia ikamwanguka. "Zimeiva! Leteni vikapu!"

Mwaka uliofuata aliumimina mvinyo wake, rangi yake kama asali ya nyuki wadogo, akamkataza kila mtu kuonja kabla ya kutafuna karanga za Mlali zilizokaangwa kwa chumvi, maana utamu, alisema, hutaka mtani. Ebenezer alikunywa, akachungulia ndani ya glasi tupu. Kisha akamnyooshea Generosa glasi hiyo. "Mama Yasinta," alisema, "ndege wako mmoja bado ana kiu."