Cheni ya Kabula

Leo nimemvunja dada yangu Kabula mkono bila hata kumgusa.

Jana niliona cheni ya baiskeli yake ya shokapu imelegea. Fundi wa Maganzo nzima, niache? Nikapunguza pingili mbili, kama ninavyofanyaga kwenye baiskeli za mkaa.

Chekeni tu.

Kumbe baiskeli hizi, shokapu ya nyuma ikibonyea inavuta cheni. Lazima pabaki ulegevu.

Leo kwenye mbio za baiskeli Kabula alikuwa anaongoza. Akishinda, anaingia timu ya mkoa. Akaruka, akatua korongoni, cheni ikakaza, shokapu ikagoma kubonyea, akarushwa huko.

Hospitali mama akamuuliza, "Mwanangu, imekuwaje?"

"Nimeendesha vibaya, Mama."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Na huu mdomo wangu mnaoujua, haukufunguka.