Niliwasemea Abiria Bila Kuwauliza

Kosa ni langu, na chanzo chake ni uvivu. Shetani mwacheni apumzike, hakuhusika.

Mimi ni dada wa makamo, nakaa Ilomba, nakata tiketi za ndege hapa Mbeya mjini. Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka walipojitoa kwenye umoja wa biashara wa kanda, likazuka swali: ndege yao ndogo inayotua kwetu mara mbili kwa wiki iendelee, au izuiwe ili kulinda kampuni zetu? Kikaitishwa kikao cha wadau. Mimi, katibu wa wakata tiketi, nikapewa wiki mbili nikusanye maoni ya abiria.

Wiki mbili jamani! Zote nilizimalizia kwenye kamati ya harusi ya shoga yangu. Siku ya mwisho nikakaa sebuleni na kikombe cha chai, nikajaza fomu arobaini peke yangu, huku nikibadilisha kalamu na mwandiko. Zote zilisema izuiwe, tulinde vya kwetu. Niliona ndilo jibu la kizalendo, nani angepinga?

Kikaoni nikasoma kwa madaha. Makofi yakapigwa. Mwenyekiti akasema, "Kama abiria wenyewe wameamua, tuandike pendekezo."

Ndipo akasimama Mama Sanga, mzaliwa wa Iringa anayeishi hapa mjini. Kila mwezi humpeleka bintiye kliniki ya moyo ng'ambo kwa ndege hiyo hiyo, na tiketi nilikuwa namkatia mimi.

"Kamwene," alisalimia watu, kisha akanigeukia. "Dada, ofisini kwako nakuja kila mwezi. Mbona hujaniuliza? Mwanangu siku mbili kwenye basi haziwezi. Au mimi siyo abiria?"

Hakuwa na hasira. Angekuwa nayo ningemjibu. Uongo ulishafika ulimini, kwamba alisahaulika kwa bahati mbaya, lakini nikamtazama usoni nikashindwa.

"Mama, sikumuuliza mtu yeyote," nikasema. "Nimejaza mwenyewe."

Mzee mmoja akaangua kicheko, na wengine wakafuata. Ukatibu nilivuliwa palepale. Mpaka leo wenzangu wananiita Abiria Arobaini.

Maoni yakakusanywa upya na mtu mwingine, na watu wakasema mambo ambayo mimi nisingeyawaza. Mfanyabiashara wa mchele wa Chimala alitaka ndege ya jirani ibaki, ila na za kwetu ziruhusiwe kutua kwao kwa masharti yale yale. Pendekezo likawa hilo, na ndege bado inatua.

Mama Sanga siku hizi anakatiwa tiketi ofisi ya mtaa wa pili. Tukikutana ananisalimia kwa adabu, anapita. Hilo linaniuma kuliko jina la utani.

Wenzangu mnaotumwa kuuliza watu, waulizeni, hata kama mnadhani jibu mnalijua. Mimi nilikuwa na uhakika kabisa, na kidogo tu nimfungie mtoto mgonjwa njia ya kwenda hospitali.